Ufundi wa Namba 100

Ukitaja jina la Paul Wekesa kwenye kijiwe cha kahawa Mwananyamala au Tandika, hatakosekana mtu wa kukuuliza kama aliwahi kuchezea AFC Leopards. Si kosa lake. Jina lenyewe ni la magharibi mwa Kenya, na kwa mtu wa Dar es Salaam jina la namna hiyo likisikika kwenye habari za michezo, akili inakimbilia kwenye soka. Kumbe Wekesa alishika raketi. Mwaka 1995, wakati Pete Sampras na Andre Agassi wanapokezana namba 1 ya dunia, Mkenya huyu aliyezaliwa mwaka 1967 alifika namba 100 kwenye orodha hiyohiyo ya tenisi.

Namba 100 haina mvuto. Haiandikwi kwenye fulana wala haiitiwi mkutano wa waandishi wa habari. Mtu akisikia kwamba fulani alikuwa wa 100 duniani, anaguna, kisha anauliza alichukua kombe gani. Mimi nadhani swali hilo linawahi mno. Kwanza tujue kufika hapo kunadai nini, na kubaki hapo kunadai nini zaidi.

Mashindano makubwa manne ya tenisi, yale ya Australia, Ufaransa, Uingereza na Marekani, kila moja huanza na wanaume 128. Kati yao, 104 huingia moja kwa moja kwa nguvu ya nafasi zao kwenye orodha. Wengine 16 hutokea kwenye mechi za mchujo, na 8 hupewa nafasi kwa hisani ya waandaaji. Mwenye namba 100, kwa hiyo, ameshaingia ndani, ila mgongo wake unagusa mlango. Mwenye namba 130 anaambiwa aende kwenye mchujo, ashinde mechi tatu mfululizo dhidi ya watu wenye njaa kama yake, na akipoteza moja tu anafungasha mabegi kabla mashindano hayajaanza kuonyeshwa kwenye televisheni. Tofauti ya nafasi 30, ambayo msomaji wa gazeti haioni, kwa mchezaji ni tofauti ya mwaka mzima wa kazi.

Na orodha yenyewe haina ahsante. Kwa utaratibu wa miaka hiyo, mchezaji alihesabiwa matokeo yake 14 bora ndani ya wiki 52. Pointi alizozipata Machi mwaka huu zilifutika Machi iliyofuata, hivyo ilimlazimu arudi palepale, au aende pengine penye uzito uleule, akazitafute upya. Bingwa akiboronga mwezi mmoja, ana akiba ya kumsitiri. Mtu wa namba 100 hana akiba. Goti likiuma, ndege ikichelewa, au akipangiwa bingwa raundi ya kwanza mara tatu mfululizo, anaweza kujikuta ametupwa nafasi 40 chini, na milango aliyozoea kuipita imefungwa. Kila Jumatatu orodha mpya inatoka, na kila Jumatatu anahukumiwa upya.

Kabla ya kufika hapo, ngazi ilikuwa ndefu. Enzi za Wekesa, mgeni alianzia chini kabisa, kwenye mizunguko iliyoitwa satelaiti: wiki kadhaa mfululizo za mashindano, na pointi hazikutolewa mpaka mzunguko mzima uishe. Ukiumia wiki ya pili, jasho la wiki ya kwanza limekwenda bure. Juu ya satelaiti kulikuwa na mashindano ya ngazi ya Challenger, na juu yake ndipo palipokuwa na mashindano yenyewe, yenye majina na fedha. Kila hatua ilidai nauli, hoteli, chakula, nyuzi mpya za raketi na viatu vinavyolika kwenye saruji. Mchezaji wa Ulaya aliyetolewa mapema aliweza kupanda treni akalale kwao. Anayetoka Nairobi hakuwa na treni ya kumrudisha nyumbani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na mtu wa Afrika Mashariki aliyechagua tenisi kuwa kazi alijua tangu mwanzo kwamba atacheza ugenini maisha yake yote ya uwanjani, mbele ya watazamaji wanaomshangilia mwingine.

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya ufundi ninaoustahi: ufundi wa kudumu. Kuna vipaji vingi vilivyong'aa wiki moja. Nduka Odizor wa Nigeria mwaka 1983 alimtoa Guillermo Vilas kwenye raundi ya kwanza ya Wimbledon, akaendelea mpaka raundi ya nne, na watu wa Lagos hawajasahau. Yahiya Doumbia wa Senegal mwaka 1988 alianzia kwenye mchujo huko Lyon, Ufaransa, akatoka na kombe. Lakini Odizor na Doumbia nao wanasifika zaidi ukiangalia walichofanya baada ya wiki zile za ajabu. Odizor aliendelea kucheza miaka mingi, na Doumbia alichukua kombe la pili Bordeaux mwaka 1995, miaka saba baada ya lile la kwanza. Miaka saba ya kuamka asubuhi, kukimbia, kupiga sevisi ndoo baada ya ndoo, na kutajwa na wachache. Wekesa ni wa kundi hilo. Taji lake la kwanza la ngazi ya juu ni la mwaka 1988, na nafasi yake bora kabisa kwenye orodha ni ya mwaka 1995. Katikati hapo ndipo kazi ilipo.

Mataji yenyewe yanatupeleka kwenye sehemu ya pili, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Wekesa alitwaa mataji 3 ya ngazi ya juu, na yote ni ya mchezo wa wawili wawili. Hapa nitayatazama mawili ya kwanza.

La kwanza lilikuwa Tel Aviv, Oktoba 1988. Mwenzake alikuwa Roger Smith wa Bahama, ambaye miezi miwili kabla, akiwa hajulikani, alikuwa amemfunga Ivan Lendl, namba 1 wa dunia, huko Stratton Mountain, Marekani. Fikiria jozi hiyo: Mbahama na Mkenya, watu wa nchi mbili ambazo jumla yake usingeweza kujaza basi dogo kwa wachezaji wake wa kulipwa, wanasimama upande mmoja wa wavu na kuondoka na kombe. La pili lilikuwa Seoul, Aprili 1989, kwenye jiji ambalo miezi michache tu nyuma lilikuwa limeandaa Olimpiki na kuirudisha tenisi kwenye medali baada ya miaka 64. Huko mwenzake alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa: Scott Davis, Mmarekani aliyewahi kufika namba 11 duniani kwa mchezo wa mmoja mmoja, na ambaye mwaka 1991 angetwaa ubingwa wa Australia wa wawili wawili akiwa na David Pate.

Nusu mwaka, miji miwili, wenza wawili wasiofanana, makombe mawili. Mtu asiyeijua tenisi atasema alibahatika kupata wenzake wazuri. Anayeijua atageuza sentensi hiyo: wote wawili walipata mwenza mzuri, na mwenza huyo alikuwa mmoja.

Ili kuona kwa nini, inabidi tuuangalie mchezo wa wawili wawili kwa karibu. Uwanja wa mmoja mmoja una upana wa mita 8.23. Wa wawili wawili unaongezewa kichochoro cha mita 1.37 kila upande, unakuwa mita 10.97. Urefu ni uleule, mita 23.77. Yaani watu wameongezwa mara mbili, ila uwanja umeongezwa kwa theluthi tu. Nafasi tupu imekuwa adimu. Kwenye mmoja mmoja unaweza kumkimbiza mtu kushoto na kulia mpaka achoke, kwa sababu kila mpira anaoufikia unaacha upande mwingine wazi. Kwenye wawili wawili hakuna pa kumkimbizia. Pigo la nguvu linalokwenda mahali penye mtu ni zawadi kwa mtu huyo. Hivyo mchezo wote unageuka kuwa kazi ya kutengeneza nafasi ambayo haikuwepo: kumhamisha mpinzani nusu hatua, kumfanya apige mpira akiwa amejikunja, kisha mwenzako aumalize.

Ndiyo sababu mpira mzuri kwenye wawili wawili mara nyingi ni mpira wa chini na wa polepole. Anayepokea sevisi anajua kwamba aliyesevu anakimbilia mbele kwenye wavu. Akiupiga mpira juu na kwa nguvu, atakutana nao ukirudi kama risasi. Kwa hiyo anaushusha. Anaupitisha katikati, mahali ambapo wavu una kimo cha sentimita 91 badala ya 107 za kwenye nguzo, auangushe miguuni mwa yule anayekuja mbio. Huyo sasa hana budi kuinama na kuuinua. Mpira ulioinuliwa ni mpira ulioombewa msamaha, na mtu wa kutoa hukumu yuko upande wa pili wa wavu, hatua tatu tu, raketi ikiwa juu.

Hapa Dar es Salaam nimeona ufundi huo ukifundishwa kwenye viwanja vya Kijitonyama, wilaya ya Kinondoni, jioni jua likiwa limelegea na foleni ya magari ikisikika ng'ambo ya ukuta. Kocha mmoja, ambaye kama wengi wa rika lake alianza kwa kuwaokotea wakubwa mipira, alikuwa na watoto wanne na kikapu cha mipira iliyokwishanyonyoka manyoya. Kijana mdogo kuliko wote alifika amechelewa.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba. Raketi yako inaangalia wapi?"

Mtoto akaiinua mpaka kichwa cha raketi kikawa juu ya kiwiko.

"Hapo. Sasa usipige. Zuia tu."

Kupiga voli, yaani kuugonga mpira kabla haujadunda, ni jambo linalopingana na hamu ya mkono. Mkono unataka kurudi nyuma upate nguvu. Kocha anataka mkono usirudi. Raketi inashikwa kama mtu anavyoshika nyundo, bega linageuka kidogo, mguu wa mbele unaingia, na mpira unakutana na nyuzi mbele ya mwili, si pembeni. Safari nzima ya raketi haizidi urefu wa rula mbili za shule. Nguvu inatoka kwenye mpira wenyewe uliokuja nayo. Mtoto alizungusha mkono mara ya kwanza, mpira ukaenda kugonga waya wa uzio. Akazungusha tena. Kocha hakumkaripia. Alimsimamisha mgongo ukigusa uzio, ili kila raketi ikirudi nyuma igonge waya na kumsuta. Baada ya mipira kumi hivi sauti ikabadilika. Ilikuwa "pwaa" ya kofi, ikawa "tok" fupi na kavu, na mpira ukaanguka nyuma kidogo ya wavu, ukadunda mara mbili kabla mtu hajaufikia.

Kilichonivutia zaidi ni mahali macho ya kocha yalipokuwa. Hakuufuata mpira. Alikuwa anaangalia visigino vya watoto. Kuna karuko kadogo ambako kila mchezaji wa wavuni anapaswa kukafanya kwa wakati hasa mpinzani anapougonga mpira: miguu yote miwili inaacha ardhi kidogo, inatua kwa pamoja, mwili umekaa sawa, tayari kwenda kokote. Ukiruka mapema, umeshatua na umelala. Ukichelewa, mpira umekupita ukiwa hewani. Kocha alikuwa anapiga makofi kila mara mwenzao wa upande wa pili anapogusa mpira, na visigino vyao vilitakiwa viitikie. Hakuna mtazamaji anayelipa kiingilio kuangalia visigino. Ila ukitaka kujua kama mtu anajua kucheza wavuni au anabahatisha, anzia huko chini.

Kisha kuna mazungumzo. Kwenye wawili wawili wa kulipwa, anayesimama wavuni humwonyesha mwenzake vidole nyuma ya mgongo kabla ya sevisi. Ishara moja inasema nitabaki hapa, nyingine inasema nitakatiza kwenda upande wa pili, ya tatu inasema nitadanganya kama naenda kisha nibaki. Aliyeshika mpira wa kusevu anajibu kwa neno moja, "ndiyo" au "hapana", kisha anapaswa kuuelekeza mpira mahali panapofanya uamuzi wa mwenzake uwe sahihi. Mwenzako akikatiza wakati wewe umeipeleka sevisi pembeni, mpokeaji atapata kichochoro kizima cha kumpitisha. Ukiipeleka katikati, pembe zake zimefungwa na mwenzako anakutana na mpira uso kwa uso. Kwa hiyo anayefunga pointi anashangiliwa, lakini aliyeitengeneza ni yule aliye mita kadhaa nyuma yake, ambaye kwa wakati huo hakuna kamera inayomtazama.

Na mpira unaopita katikati ya wawili hao, ni wa nani? Watoto wa Kijitonyama wanasuluhisha kwa kupiga kelele "Wangu!" na wakati mwingine wanapiga kelele wote, au wananyamaza wote, mpira unapita na wanaangaliana. Wakubwa wana kanuni: mwenye mkono wa mbele upande huo ndiye mwenye mpira, au aliyeupiga wa mwisho ndiye anaendelea nao. Lakini kanuni haifiki mbali bila kumjua mtu. Lazima ujue kama mwenzako ni mwepesi au mzito, kama anapenda mipira ya juu, kama pointi ikiwa muhimu anakuwa mtulivu au anakimbilia mambo. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndiyo, ila hata vidole viwili havimpati chawa kama kila kimoja kinakwenda kwa saa yake.

Sasa rudi kwa Wekesa na makombe yale mawili. Jozi zinazodumu pamoja miaka mitano zinajenga lugha yao polepole. Mchezaji wa ngazi yake hakuwa na anasa hiyo. Wenza kwenye mzunguko hupatikana kwa nafasi: nani amesajiliwa wiki hii, nani mwenzake ameumia, nani ana nafasi kwenye orodha ya kutosha ninyi wawili kuingia. Mnakutana Jumapili, mnafanya mazoezi Jumatatu, Jumanne mnacheza. Siku mbili za kujifunza ukimya wa mtu mwingine. Kufanikiwa na Mbahama aliyekuwa anapanda, kisha miezi sita baadaye kufanikiwa na Mmarekani mwenye jina, kunahitaji mtu anayeweza kujipunguza na kujiongeza kulingana na aliyesimama pembeni yake. Kwenye taarabu tunawajua wapigaji wa namna hiyo: ukimweka kwenye kikundi chochote, baada ya nyimbo mbili utadhani amekulia humo.

Faida ya ufundi huo haikuwa sifa tu. Ilikuwa riziki. Anayecheza mmoja mmoja peke yake akitolewa Jumatatu, wiki yake imeisha na gharama zimebaki. Anayecheza na wawili wawili bado ana mechi mbele, bado ana uwanja wa mazoezi, na bado ana nafasi ya kulipwa. Kwa mtu aliyevuka bahari kuja kwenye mashindano, hilo ndilo linaloamua kama mwezi ujao atakuwa na nauli.

Kuna pia hesabu ya nchi. Wekesa aliiwakilisha Kenya kwenye Kombe la Davis, mashindano ya mataifa, na mfumo wa miaka ile ulikuwa wa siku tatu: mechi mbili za mmoja mmoja siku ya kwanza, moja ya wawili wawili siku ya pili, mbili za mmoja mmoja siku ya tatu. Jumla 5, na anayefika 3 ameshinda. Taifa lenye wachezaji kumi wa kulipwa halijali sana mechi ya siku ya pili. Lakini taifa lenye mmoja tu linaijali kuliko zote. Huyo mmoja akishinda mechi zake mbili za mmoja mmoja, amepata 2. Ya tatu lazima itoke mahali fulani, na mahali penye matumaini zaidi ni pale ambapo anaweza kusimama tena uwanjani na mwenzake wa nyumbani asiye wa kulipwa, akambeba bila kumdhalilisha. Nchi ndogo huishi au hufa siku ile ya katikati. Ndiyo maana mchezaji wa wawili wawili kwa nchi kama zetu ni mtaji wa kwanza, wala si pambo la ziada.

Tanzania imeiona tenisi ya kiwango cha juu kwa kuipitia pembeni. Mwaka 1970 Arthur Ashe na Stan Smith walizunguka nchi kadhaa za Afrika wakicheza mechi za maonyesho, na Tanzania ilikuwa miongoni mwake. Mwaka uliofuata, katika ziara nyingine, Ashe alimwona mtoto Yannick Noah huko Yaoundé, Kamerun, akawasaidia watu kumpeleka Ufaransa, na mwaka 1983 mtoto huyo akawa bingwa wa Roland Garros, yale mashindano makubwa ya Ufaransa. Hadithi hiyo inapendwa kusimuliwa, na ina haki yake. Tatizo lake ni kwamba inatufundisha kumsubiri mgeni apite, amwone mtoto mmoja, na amwondoe. Habari ya Wekesa inafundisha kitu kingine. Inaonyesha kazi ambayo hatua zake zote zinaweza kuorodheshwa, kufundishwa na kurudiwa.

Kuifundisha huku kwetu kuna kikwazo kinachoonekana kwa macho: viwanja. Kwa miongo mingi tenisi ya jiji ilihusishwa na klabu ya Gymkhana kule mjini, iliyoanzia enzi za Waingereza, na mtoto wa uswahilini aliingia humo kwa mlango wa waokota mipira. Wengi walioinukia hapo ndio waliokuja kuwa makocha, na kwa kweli tenisi ya Dar es Salaam ina deni kubwa kwa watoto hao waliojifunza kwa kuangalia huku wakitumwa. Kinondoni ina afadhali kidogo. Ukivuka kwenda Temeke, unakutana na Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, fahari ya taifa, lakini kutafuta uwanja wa tenisi ulio wazi kwa mtoto wa Mbagala ni kazi ya kuuliza watu wengi. Ardhi ni ghali, na uwanja mmoja wa tenisi pamoja na nafasi ya kukimbilia pembeni unakula eneo ambalo mjini linatosha nyumba na fremu za maduka.

Kwa hiyo nikisikia mipango ya kuinua tenisi, swali langu la kwanza ni dogo na la kiutendaji: kila uwanja uliopo unabeba watoto wangapi kwa saa moja? Ukifundisha mmoja mmoja, jibu ni wawili, na wengine wamekaa kwenye benchi wanasubiri zamu huku giza likiingia. Ukifundisha wawili wawili, wako wanne, na hakuna aliyesimama bure, kwa sababu hata asiyepiga ana kazi ya kufanya kwa miguu na macho yake. Mipira ni ileile, kocha ni yuleyule. Na wanachojifunza ni kile kinachochukua muda mrefu zaidi kukijua: karuko, voli fupi, mpira wa miguuni, kusema "wangu" kwa wakati na kunyamaza kwa wakati.

Kenya wameshaonja matunda ya njia hiyo mara ya pili. Julai 2022, Angella Okutoyi wa Nairobi alitwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, na kuwa Mkenya wa kwanza kubeba taji la vijana kwenye mashindano makubwa manne. Lilikuwa taji la wawili wawili. Mwenzake, kwa mara nyingine, alikuwa mgeni wa nchi nyingine. Miaka miwili kasoro baadaye, kwenye Michezo ya Afrika iliyochezwa Accra Machi 2024, Okutoyi alirudi na dhahabu ya mmoja mmoja. Mpangilio huo nauona una maana: kwanza ulijengeka uwezo wa kucheza na mwenzake, kisha ule wa kusimama peke yake ukapata mgongo.

Wazazi wa Kinondoni na Temeke wanaowapeleka watoto viwanjani huuliza lini mtoto ataanza kucheza mechi za peke yake, kana kwamba wawili wawili ni darasa la chekechea. Ningewashauri waulize tofauti. Waulize kama mtoto anajua mwenzake yuko wapi bila kugeuka kumtazama. Akishajua hilo, mambo mengine ya tenisi yanafundishika kwa mazoezi. Mtu aliyepata kombe Tel Aviv na mmoja na kombe Seoul na mwingine, kisha akaendelea kupanda mpaka mwaka 1995, alikuwa na jibu la swali hilo tangu mwanzo.